Kiungo Chini ya Utepe

Mafundi wenzake walimwita Mstari, na yeye jina hilo hakulikataa hata siku moja. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwenye miaka hamsini na miwili, kidevu kimenyolewa kila asubuhi utadhani anakwenda kuposa. Ukimpelekea gari ambalo nyaya zake zimemwagika chini ya dashibodi kama matumbo ya kuku, alikurudishia baada ya siku tatu zimelala upande mmoja, zimefungwa kila baada ya vidole vinne, hakuna waya unaompanda mwenzake. Wateja wake walifungua boneti barazani hata kama gari halina tatizo, ili jirani naye aone.

"Bwana Mstari, umeme hauna macho!" wenzake walimtania.

"Hauna. Mimi ninayo."

Basi wakacheka, naye akarudi kunyoosha vitu vilivyokwisha kunyooka. Mkewe alisema hata soksi mume wake anazianika kwa jozi na kwa rangi, na ukizigusa utasikia habari yako. Hayo yote ni ya kuchekesha, sikatai. Lakini mtu akisifiwa miaka thelathini kwa jambo moja, anaanza kulipenda jambo hilo kuliko kazi yenyewe.

Alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake kwa miaka minne, mchomeleaji wa vyuma. Huyo alikuwa kinyume chake. Mikono minene, shati limetobolewa na cheche, na mageti yake yalikuwa hayavunjiki wala hayapendezi. Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyeacha shule akashika nondo ili mdogo wake asiache. Jambo hilo hawakulizungumza kamwe. Mstari alilijua, na kila alipoingia kwa kaka yake alivua kofia mlangoni bila kufikiri.

Sasa, huyu kaka aliingiwa na wazimu wa gari. Si la kununua dukani, la! Aliagiza gari la kuunga mwenyewe, la watu wawili, lisilo na paa, likaja vipandevipande ndani ya masanduku: chasisi hapa, bodi kule, bolti zimo kwenye vifuko vya nailoni, na kitabu cha maelekezo kizito kama tofali. Injini akaitoa kwenye gari lililokufa. Kwa miaka sita aliliunga nyuma ya jiko, chini ya turubai. Majirani wakaliita Kabati.

"Kabati limefika wapi?" waliuliza wakipita.

"Limeota miguu," alijibu kaka, uso umejaa masizi na furaha.

Mkewe, shemeji yake Mstari, alikuwa fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa magauni ya harusi. Yeye ndiye aliyeshona viti vya gari lile, ngozi ya rangi ya kahawia, uzi mweupe, mshono usioyumba. Mume alipomwambia kwamba viti vimependeza kuliko gari, alijibu, "Basi na wewe jitahidi."

Kazi ya umeme ilikuwa ya Mstari, nani mwingine? Alichukua likizo ya siku kumi na moja gerejini. Alipima kila waya mara mbili, akazikusanya nyaya zote katika fungu moja, akalivisha utepe wa kitambaa toka sanduku la fyuzi hadi taa za nyuma. Lilipinda kwenye kona kwa ulaini, likashuka, likatawanya matawi yake kila tawi mahali pake. Kaka mtu alilitazama akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hii si kazi, hii ni kiburi." Alisema akicheka. Mstari naye alicheka.

Likabaki suala la wezi. Gari lisilo na paa ni sawa na nyumba isiyo na mlango, kila mwenye miguu anaingia. Kaka alitaka kitu ambacho hata mwizi akiwa na ufunguo mkononi, gari limkatalie. Mstari akatengeneza kizuia-wizi: kisanduku kidogo chenye swichi mbili za umeme ndani, moja inakata pampu ya mafuta, nyingine inakata koili inayotoa cheche ya injini. Usipobonyeza kitufe cha siri kabla ya kuwasha, injini inazunguka tu na haiwaki. Walimwita jirani mmoja mwenye maneno mengi wakampa ufunguo. "Ukiliwasha, ni lako." Jirani alizungusha ufunguo, akakanyaga mafuta, akasugua kichwa, akaomba dua, akashuka akitukana, na shemeji alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa siku nzuri sana ile.

Jirani huyo, kwa hasira ya kushindwa, akainamisha kichwa akaona kisanduku chini ya kiti. "Ah! Kumbe kiko hapa! Mwizi gani asiyetazama chini ya kiti?"

Kweli bwana, alikuwa na haki. Kaka akaomba kisanduku kihamishiwe nyuma ya dashibodi. Mstari akakihamisha, na waya wa koili ukapunguka shubiri moja.

Sikiliza vizuri hapa. Mstari alikuwa na sheria yake, na alikuwa amewafokea mafundi nusu ya mji kwa sababu yake: waya hauungwi mahali panapotikisika, na ukiunga, unga mahali mkono unapofika. Dawa ya waya uliopunguka ni kuutoa wote na kuvuta mpya toka mwanzo hadi mwisho. Lakini kuuvuta mpya kulitaka fungu lote livuliwe utepe, siku kumi na moja zifunguliwe kama bandeji. Aliliangalia lile fungu. Hakuna aliyekuwa akimharakisha. Kaka angesubiri hata mwezi. Ni yeye tu, aliona uchungu kuliharibu.

Akaunga waya pale pale kwenye kona. Na hata kuunga kwenyewe, hakutumia kile kibomba cha chuma cha kubania ncha za waya, kwa kuwa kingefanya kinundu chini ya utepe. Aliyeyusha risasi ya kulehemu, akaunga kwa hiyo, kiungo chembamba, kigumu, safi. Akarudisha utepe, akapitisha kidole gumba juu yake. Laini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wiki tatu gari lilikwenda bila shida. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kaka alimpakia mkewe wakateremka ule mteremko mrefu unaokwenda hadi kwenye maghala. Katikati ya mteremko, gari likawashinda. Kaka alikanyaga breki, ikashika kidogo. Akaachia, akakanyaga tena. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaligongesha gari kwenye ukuta wa ghala kwa makusudi ili lisiingie kwa watu waliokuwa chini. Yeye alivunjika mbavu mbili. Shemeji aliweka mkono wa kulia mbele kujikinga, na dashibodi ikaukunja. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikufunga tena.

Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo, na haikuhitaji hakimu. Askari wa barabarani alisema breki. Majirani wakasema breki. Yule mwenye maneno mengi alisema, "Gari la kuunga nyumbani, breki za kuunga nyumbani, mlitegemea nini?" Na kaka, aliyezifunga breki zile kwa mikono yake mwenyewe, aliinamisha kichwa akakubali.

Jamani, mtu yule alizimika. Mashine yake ya kuchomelea alimpa fundi wa mtaa wa pili. Miwani ya kazi, nyundo, msumeno wa chuma, vyote akavigawa. "Mkono uliomlemaza mke wangu haushiki tena chuma." Akawa mtu wa ndani. Asubuhi alimfunga mkewe vifungo vya gauni, akamchana nywele kwa ile mikono minene, taratibu, akimuumiza na kuomba radhi. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Nguo za wateja zilirudishwa zikiwa zimekatwa na hazijashonwa.

Mstari naye mwanzoni aliamini ni breki. Niwe mkweli juu yake: aliamini. Alikwenda pale kila siku baada ya kazi, akabeba maji, akafagia ua. Siku ya tisa alikuwa ameketi na shemeji barazani, kaka yuko ndani anapika, shemeji akasema kama anayejisemea:

"Kuna kitu nakikumbuka. Ile taa nyekundu."

"Taa gani, shemeji?"

"Yenye picha ya betri. Pale kwenye dashibodi. Iliwaka kabla hatujaanza kukimbia. Nilitaka kumuuliza kaka yako hii taa ni ya nini, nikaona ameanza kuhangaika na breki."

Taa ile haiwaki ovyo. Ukiwa barabarani ikiwaka ghafla namna ile, mara nyingi injini imezimika na ufunguo bado uko wazi. Injini ilizimika kwanza. Na injini ndiyo inayousaidia mguu kukanyaga; ikizimika, breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali inakuwa jiwe, hata iwe imefungwa na malaika. Kwa nini injini izimike katikati ya mteremko? Aliiona kona. Alikiona kiungo, chembamba, kigumu, safi, kinatikiswa wiki tatu.

Shemeji alikuwa akimngoja aseme neno.

"Labda umechanganya, shemeji," akasema. "Ajali huchanganya mtu."

Shemeji alimtazama, akatazama mkono wake. "Labda," akasema.

Hapo ndipo nilipomkasirikia Mstari, na hasira yangu haijaisha. Kiungo kibaya, sawa, binadamu tunakosea. Lakini kumwambia mwanamke mwenye vidole vilivyokufa kwamba hata kumbukumbu yake imekufa! Maneno yalimtoka kabla hajayachagua, na yakishatoka hayarudi.

Toka siku hiyo hakulala vizuri wala kula vizuri. Gerejini alifunga nyaya, akazifungua, akazifunga tena. Akiona kazi yake imenyooka aligeuza uso. Siku moja alimrudishia mteja gari nyaya zikining'inia, wenzake wakadhani anaumwa. Mkewe alimuuliza, "Mume wangu, una nini?" Akasema ni presha. Mkewe akampeleka kupimwa, presha ikakutwa ya kijana wa miaka ishirini, na mkewe akazidi kuogopa.

Mara tatu alikwenda kwa kaka yake akiwa ameamua. Mara ya kwanza alikuta wageni. Mara ya pili alimkuta kaka anamlisha mkewe uji, akashindwa. Mara ya tatu walikuwa wawili peke yao, akaanza, "Kaka, kuna jambo," na kaka akamkatiza.

"Ngoja kwanza nikwambie mimi. Najua unakuja kila siku kwa sababu unanionea huruma. Lakini mimi namshukuru Mungu kwa kitu kimoja: kosa halikuwa kwenye kazi yako. Ingekuwa wewe, mdogo wangu, usingeweza kulibeba. Nakujua tangu ukiwa mdogo, wewe ukivunja kikombe ulikuwa unaumwa homa. Afadhali ni mimi." Akampiga begani. "Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Nilitaka kuuliza kama dawa zipo."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mstari aliijua methali hiyo kama sisi sote tunavyoijua, na haikumsaidia kitu.

Kisha kaka akamtumia ujumbe. Watu wa vyuma chakavu wanakuja Alhamisi mchana kulikata gari. Njoo asubuhi utoe nyaya zako, kazi ile isiende kwenye takataka.

Mstari alifika saa mbili. Ua ulikuwa umefagiwa, gari limefunuliwa turubai, pua yake imebonyea, kiti kimoja bado kina mshono mweupe usioyumba. Shemeji alikuwa ndani. Kaka alimletea kigoda, akasema, "Mimi siwezi kulitazama," akaenda kukaa jikoni.

Mpaka dakika ile Mstari hakuwa amefungua utepe. Siku zote zile alikuwa na tumaini moja, dogo na la aibu: huenda kiungo ni kizima. Huenda ni breki kweli. Je, unaona alipofika? Mtu anaomba kaka yake awe ndiye mwenye hatia. Aliomba hivyo, kwa sauti ya chini, huku anatafuta mwanzo wa utepe kwa kucha.

Akauvua hadi kwenye kona. Akaweka mita ya umeme, ile inayolia waya ukiwa mzima, ncha moja huku, nyingine kule. Mita ikalia. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha akaupinda waya kidogo tu, kama gari linavyoutikisa. Mita ikanyamaza. Akaunyoosha, ikalia. Akaupinda, kimya. Akauchuna kwa wembe, akaona: nyuzi za shaba zimekatika pale pale risasi inapoishia, zote, zimebaki zinagusana kwa bahati tu.

Alikikata kipande kile, akakaa nacho mkononi. Angeweza kukitia mfukoni. Mchana vyuma vingekatwa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Tena kaka mwenyewe alikuwa amesema asingeweza kulibeba. Alijiambia hivyo, na alijiambia tena. Lakini kila alipopeleka mkono mfukoni, ulirudi nacho.

"Umemaliza?" Kaka alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Kaka." Hakugeuka. "Injini ilizimika kwanza. Ni huu hapa. Mimi niliuunga huu waya kwenye kona, nikauficha, ukakatika, injini ikazimika katikati ya mteremko. Ndiyo maana pedali ikawa ngumu. Si breki. Ni mimi."

Kaka aliinama akauangalia ule waya. Kisha akauliza, polepole, kama anayeogopa jibu:

"Breki zangu zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa nzuri, kaka."

"Zote? Hata ile ya nyuma kushoto, iliyonisumbua?"

"Zote. Hakuna breki ambayo ingefanya zaidi."

Kikombe kilianguka. Kaka alilia kwa sauti, mtu mzima yule, machozi yanatiririka kwenye ndevu, na usoni ni furaha tupu, furaha ambayo Mstari hakuwa ameiona toka siku ya jirani na ufunguo. Akakimbia mlangoni, ingawa mbavu bado zilimuuma. "Mke wangu! Mke wangu, toka uje! Breki zilikuwa nzuri! Si mimi! Mke wangu, sikukuumiza mimi!"

Shemeji alitoka, ameshikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Kaka alimshika mabega, anacheka na kulia, anamweleza mambo ya injini na pedali, anarudia, anachanganya. Shemeji alimsikiliza kidogo tu. Macho yake yalikwenda kwa Mstari na kile kipande cha waya.

"Ile taa," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hiyo iliwaka kweli."

"Iliwaka."

"Na wewe ulijua. Siku ile pale barazani, ukaniambia nimechanganya, na ulijua."

Mstari alipiga magoti kwenye mchanga wa ule ua. "Nilijua, shemeji. Nisamehe. Nilijua."

Kaka aliendelea kucheka kidogo, kama injini inayozunguka baada ya ufunguo kuzimwa, kisha cheko likaisha. Alimtazama mkewe, akamtazama mdogo wake pale chini. Mtu mmoja alipita njiani akawasalimia, hakuna aliyeitikia.

"Umejua tangu lini?" kaka akauliza.

"Siku hamsini na nne."

"Hukufikiria hata kidogo. Umesema papo hapo."

"Nilikuwa nazihesabu, kaka. Kila siku."

Kaka alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja.

"Mimi pia nilikuwa nahesabu, tangu Jumamosi ile," akasema. "Na wewe ulikuwa unakuja hapa kila jioni, unakaa pale, unanitazama nikidhani nahesabu peke yangu."